Nani Analipa Mafuta, Nani Anaamua Kuruka

Mhadhara kwa wakaaji wa Kambove, jimbo la Haut-Katanga



Nianze na swali lenyewe. Mtu ana leseni ya rubani binafsi. Ana ndege ndogo ya viti vinne pale Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, au ameikodi kwa siku mbili. Jumamosi anataka kwenda Pweto, kando ya ziwa. Marafiki zake watatu nao wana shughuli zao hukohuko ziwani, wakamwambia: tuchange esansi, twende pamoja. Je, sheria inawaruhusu? Na kama inawaruhusu, kila mmoja atoe kiasi gani? Ni wapi mchango unapoacha kuwa mchango na kuwa nauli?

Mtu anaweza kusema kwamba hilo ni jambo la matajiri, halituhusu sisi. Linatuhusu. Jimbo letu ni pana na barabara zake tunazijua. Kutoka Lubumbashi hadi Pweto, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita zipatazo 380. Ndege ndogo inazimaliza kwa saa mbili hivi, na motokari wakati wa mvua inaweza kutumia siku nzima na zaidi, kama haikukwama. Hata sisi wa Kambove, tulio kwenye barabara ya taifa namba 1 yenye malori ya madini mchana na usiku, kwa anga tuko dakika arobaini tu kutoka Luano. Kampuni zina ndege ndogo, na watu binafsi wachache wanazo. Makanisa pia: Kanisa la Methodisti la Katanga Kaskazini limekuwa na huduma yake ya ndege, Wings of the Morning, iliyowabeba wagonjwa kutoka vijiji visivyo na daktari wa upasuaji. Ndege ikiwa na kiti kitupu na wewe una mgonjwa, au una msiba Kalemie, hutauliza maswali mengi, utapanda. Na atakayekupandisha, mara nyingi kwa moyo mwema kabisa, atakuambia uchangie kidogo. Kwa sababu hiyo, sheria hii inamgusa abiria kabla ya kumgusa mwenye ndege.

Mzizi wa sheria hii uko katika Mkataba wa Chicago, uliotiwa sahihi tarehe 7 Desemba 1944, ambao ndio uliolizaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Kiambatisho cha 1 cha mkataba huo kinahusu leseni. Kinamruhusu rubani binafsi kuongoza ndege katika safari zisizo za mapato, naye asilipwe. Maneno ni machache. Ndani yake hamna katazo la kubeba watu: unaweza kumbeba mke wako, kaka yako, jirani yako, padri wako. Kinachokatazwa ni malipo. Sasa malipo ni nini hasa, hilo kila nchi iliachiwa ieleze katika kanuni zake.

Kwa nini wamtofautishe rubani huyu na yule wa biashara? Tazameni safari ya kila mmoja kuifikia leseni yake. Wa binafsi anaweza kuipata akiwa na umri wa miaka 17 na saa 40 za kuruka. Wa biashara anatakiwa awe na miaka 18 na saa 200, au 150 akipitia shule yenye mpango ulioidhinishwa. Mmoja anapimwa afya daraja la pili, mwingine daraja la kwanza. Lakini tofauti kubwa zaidi haiko katika leseni, iko nyuma ya rubani. Rubani wa kampuni halali ana jengo zima nyuma yake: cheti cha kubeba abiria kilichotolewa na serikali, mpango wa matengenezo unaokaguliwa, mipaka ya saa za kazi, kitabu cha taratibu, mitihani ya uwezo mara mbili kila mwaka, na mkurugenzi mmoja ambaye jina lake limeandikwa kuwa ndiye wa kuulizwa. Unaponunua tikiti, sehemu ya pesa yako inalilipia jengo hilo. Rubani binafsi hana jengo. Ana akili yake, mazoezi yake na dhamiri yake, basi.

Kwa hiyo ninayotaka kuwaambia leo ni haya: kanuni ya kugawana gharama haikutungwa kwa wivu wa pesa, wala kwa ajili tu ya kuyalinda makampuni dhidi ya washindani wa bei rahisi. Imetungwa kulinda uamuzi wa rubani. Rubani aliyetoa sehemu yake kamili anaweza kusema "leo hatuendi" bila kumrudishia mtu yeyote faida aliyokwisha kuihesabu. Aliyelipwa hana uhuru huo, hata akijidanganya kwamba anao.

Tufanye hesabu, maana bila hesabu maneno haya hayashiki. Tuseme safari yetu ya Pweto, kwenda na kurudi, inagharimu dola 800: esansi, oili, ada za uwanja na kodi ya ndege. Wapo watu wanne, rubani akiwa mmojawao. Mgao sawa ni dola 200 kwa kila kichwa. Sheria ya Marekani inasema wazi: rubani binafsi asilipe chini ya sehemu yake sawa ya gharama hizo, na gharama zinazogawanywa ni mafuta, oili, malipo ya uwanja na kodi ya ndege tu. Basi abiria watatu wakitoa 200 kila mmoja, na rubani akatoa zake 200, hakuna kosa. Wakitoa 250 kila mmoja, rubani amebaki na 50 tu za kulipa: hana faida mfukoni, lakini Marekani tayari amevunja sheria. Wakitoa 300, amebaki na dola 100 za ziada, na hapo hakuna nchi ninayoijua itakayomtetea.

Wamarekani wameenda mbali zaidi. Mamlaka yao ya anga inashikilia kwamba rubani na abiria wawe na kusudi la pamoja la safari: rubani awe na sababu yake mwenyewe ya kwenda Pweto. Kama aliondoka kwa sababu tu watu watatu walitaka kufika, yeye ni dereva wa teksi hata akilipa robo yake. Hata saa za kuruka anazoziandika kwenye daftari lake zinaweza kuhesabiwa kuwa malipo, kwa sababu kijana anayetafuta kazi ya urubani anazihitaji saa hizo kuliko pesa. Wengine wanaiona sheria hii kali mno. Mimi naiona imemsoma mwanadamu vizuri. Kijana mwenye saa 60 anayetaka kufika 200 atakubali safari ambayo rubani mkongwe angeikataa.

Ulaya wamechagua njia nyingine. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 965 ya mwaka 2012, pamoja na marekebisho yake, inawaruhusu watu binafsi kugawana gharama za moja kwa moja za safari katika ndege ya kawaida isiyo tata, mradi wote waliomo wachangie, rubani akiwemo, na wasizidi sita. Gharama za mwaka, kama kuitunza ndege na bima yake, hazigawanywi. Lakini kanuni haimdai rubani sehemu iliyo sawa na ya wengine. Na rubani anaruhusiwa kutangaza safari yake. Mwaka 2015 kampuni ya Wingly ilianzishwa Ufaransa ikiwakutanisha marubani na abiria kwa intaneti, na inaendelea mpaka sasa. Marekani, kampuni ya Flytenow ya Boston ilijaribu jambo lilelile. Mamlaka ikasema: ukitangaza safari yako kwa umma wote, umejitoa kuwa mbeba abiria, na mbeba abiria anahitaji cheti. Flytenow wakaenda mahakamani. Tarehe 18 Desemba 2015 mahakama ya rufaa ya Washington ikaipa mamlaka haki, na Mahakama Kuu ya nchi ikakataa kuisikiliza kesi mwaka 2017.

Mnaona basi: tendo moja, halali Lyon, kosa Boston. Nani mwenye haki? Ningekuwa Lyon, kwenye vituo vingi vya hali ya hewa, mafundi wengi, na rada inayokuona popote ulipo, labda ningekubaliana na Wafaransa. Kwetu nachukua upande wa Wamarekani juu ya matangazo na juu ya mgao. Tuna kundi la WhatsApp kwa kila mtaa. Ujumbe wa "nafasi mbili, Lubumbashi–Kolwezi, kesho asubuhi, dola kadha" unafika kwa watu mia kabla ya chai. Wanaousoma hawamjui rubani, hawajui ndege ilifanyiwa matengenezo lini, na neno "nafasi" linawafanya wadhani wamenunua kile wanachonunua kwenye kampuni.

Motokari ya jirani anayekwenda Lubumbashi nawe ukachangia esansi ndiyo inayotudanganya hapa. Tunadhani ndege ni vilevile. Lakini katika motokari, mvua ikizidi dereva anasimama pembeni, mnangoja. Ukiona analewa, unashuka Likasi. Angani hakuna pembeni, na uamuzi ulio muhimu kuliko yote unafanywa kabla injini haijawashwa, na mtu mmoja, mara nyingi bila abiria kujua kwamba uamuzi wowote umefanywa.

Mnaofuata mpira mnamkumbuka Emiliano Sala. Mwargentina, mshambuliaji wa Nantes. Januari 2019 Cardiff City walimnunua kwa pauni milioni 15. Akarudi Nantes kuwaaga wenzake, na jioni ya tarehe 21 Januari akapanda ndege ndogo ya injini moja, Piper Malibu, kurudi Cardiff. Haikufika. Ilianguka baharini karibu na kisiwa cha Guernsey. Mwili wa Sala ulipatikana wiki mbili na zaidi baadaye, wa rubani haukupatikana kamwe.

Ripoti ya wachunguzi wa Uingereza ilitoka Machi 2020, na ningependa kila mwenye ndege ndogo katika jimbo hili aisome. Rubani alikuwa na leseni ya binafsi. Hakuwa na kibali cha kuruka usiku, na safari ilikuwa ya usiku. Kibali chake cha ndege za injini moja kilikuwa kimeisha Novemba iliyotangulia. Wachunguzi waliona kwamba udhibiti ulimponyoka alipokuwa akigeuza ndege kwa mkono, pengine akijaribu kubaki nje ya mawingu, na ndege ikavunjika kwa mwendo uliozidi nguvu za muundo wake. Inaelekea pia alikuwa ameathiriwa na kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu, iliyovuja kutoka kwenye mfumo wa ekzosi. Na safari haikuwa ya kugawana gharama hata kidogo: Sala hakuchangia, rubani aliahidiwa malipo, na si rubani wala ndege iliyokuwa na ruhusa ya biashara. Aliyeipanga safari, David Henderson, alitiwa hatiani mjini Cardiff Oktoba 2021 kwa kuhatarisha usalama wa ndege, na mwezi uliofuata akahukumiwa miezi 18 gerezani.

Klabu yenye mamilioni ingeweza kumkodia ndege ya kampuni halali. Safari hii ilipangwa pembeni, kwa simu na kwa kujuana, kama tunavyopanga sisi. Sala alikuwa na miaka 28. Hakuna anayesimulia kwamba aliuliza: rubani ana leseni gani? Na kwa nini angeuliza? Mtu akikuletea ndege, unaamini kwamba yuko aliyehakikisha. Hapo ndipo malipo ya kificho yanapoumiza: yanampa abiria imani ya tikiti bila ulinzi wa tikiti. Rubani naye aliyekubali pesa amekubali pia saa ya kuondoka, usiku, mawingu, na aibu ya kumwambia mteja mashuhuri kwamba leo haiwezekani. Mchuma janga hula na wa kwao. Katika ndege ndogo, wa kwao ndio walioketi kiti cha pili.

Sisi wa Afrika Mashariki na Kati tuna historia yetu katika hili, na ni ya zamani kuliko Mkataba wa Chicago. Kenya ya miaka ya 1930 ilikuwa na ndege ndogo za Wazungu. Chini ya sheria ya Kiingereza ya wakati ule kulikuwa na leseni A ya kuruka binafsi na leseni B ya kuruka kwa malipo. Beryl Markham, aliyekuja kujulikana duniani kwa kuvuka Atlantiki peke yake mwaka 1936, alipotaka kula kwa urubani, kubeba barua, abiria na vifaa hadi kambi za mbali, alilazimika kukaa chini asome mpaka apate leseni B. Mama Florence Kerr Wilson naye alipoona haja ya usafiri wa anga Nairobi hakujificha nyuma ya neno urafiki. Mwaka 1929 alianzisha kampuni, Wilson Airways, na uwanja wa Wilson wa leo umebeba jina lake. Kumbe hata wakati ule, angani palipokuwa karibu patupu, mstari kati ya rafiki na mteja ulikuwa umechorwa.

Lakini kisa cha wakati ule ninachokifikiria zaidi ni kingine. Tarehe 14 Mei 1931, huko Voi, Denys Finch Hatton, mwindaji Mwingereza aliyewaongoza matajiri porini, aliruka na Gipsy Moth yake. Alikuwa amekwenda kujaribu kama tembo wanaweza kutafutwa kutoka angani kwa faida ya kazi yake ya uwindaji. Mara tu baada ya kuruka ndege ikaanguka na kuwaka moto. Alikufa, na pamoja naye akafa mtumishi wake Mkikuyu, Kamau. Finch Hatton ameandikiwa vitabu, ametengenezewa filamu, na kaburi lake kwenye vilima vya Ngong watu wanakwenda kulitazama. Kamau amebaki na jina moja katika sentensi za wengine.

Nauliza: Kamau alikuwa nani katika ndege ile? Abiria aliyelipa? Hapana. Rafiki mwenye kusudi la pamoja? Ni vigumu kusema hivyo juu ya mtu aliyeajiriwa na rubani. Sheria zote nilizozitaja, ya Marekani na ya Ulaya, zinauliza nani ametoa pesa. Hakuna inayouliza nani angeweza kukataa kupanda. Kwetu, swali hili lina uzito. Mkubwa wa kazi akimwambia karani "panda twende Kolwezi", karani atapanda. Mchungaji akimwambia mwamini, atapanda. Mwenye shamba akimwambia mlinzi wake, atapanda. Pesa hazikupita mkononi, na kwa karatasi safari ni ya binafsi kabisa. Lakini yule aliyepanda kwa sababu ya mshahara wake anastahili ulinzi mkubwa zaidi kuliko rafiki aliyechanga robo yake kwa hiari, na anaupata mdogo zaidi. Ningependa wanasheria wetu walifikirie hili kwa makini, kwa sababu hatutalikuta limefikiriwa tayari katika vitabu vya Ulaya.

Yupo pia mhandisi wa kampuni ya madini mwenye leseni ya binafsi, anayeruka mwenyewe kwenda mkutanoni Kolwezi, kisha kampuni inamrudishia pesa za mafuta. Marekani wanamruhusu, mradi kuruka kuwe ni jambo la kando tu katika kazi yake, na asibebe abiria wala mzigo kwa malipo. Naona ni sawa.

Sasa nirudi kwenye ardhi yetu, maana kanuni za ICAO zilizoandikwa Montréal hazijui joto la Oktoba. Luano iko mita 1,300 hivi juu ya bahari. Injini ndogo isiyo na tabo hupoteza kama asilimia tatu ya nguvu zake kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo pale uwanjani, kabla hujaanza, zaidi ya sehemu moja katika kumi ya nguvu imekwisha kwenda. Ongeza joto. Siku ya nyuzi 32, hewa imekuwa nyepesi kiasi kwamba ndege inajiona iko juu ya mita 2,200. Inakimbia chini kwa muda mrefu zaidi, na ikipaa inapanda polepole.

Chukueni Cessna 172, ndege ya viti vinne inayojulikana kuliko zote duniani. Kulingana na umri na vifaa vyake, inaweza kubeba kati ya kilo 370 na 400 hivi, mafuta yakiwemo. Matangi yakijaa, mafuta peke yake yanachukua zaidi ya kilo 100. Zinazobaki zinawatosha watu wazima watatu na mifuko yao, labda. Viti ni vinne, lakini katika joto letu na urefu wetu, kiti cha nne mara nyingi ni cha kupunguza mafuta au cha kubaki kitupu. Na hapo mchango unaingia mlango wa nyuma: gharama ya dola 800 kwa watu watatu ni 267 kila mmoja, kwa wanne ni 200. Kila mtu ndani ya ndege, rubani akiwemo, anafaidika mtu wa nne akipanda. Hata mgao sawa, ambao nimeusifu, una kishawishi hiki ndani yake. Dawa ni rubani kupima uzito kwanza, kwa mizani, mizigo pamoja na watu, na kuzungumza pesa baadaye. Mama akija na mfuko wa samaki wakavu kutoka Pweto, mfuko huo upimwe. Hakuna dharau katika kumpima mtu.

Kuna kanuni nyingine ya kubeba abiria ambayo watu wanaisahau kwa sababu haihusu pesa. Marekani na Ulaya, rubani haruhusiwi kubeba abiria kama hakuruka na kutua mara tatu ndani ya siku 90 zilizopita. Peke yake anaweza kwenda, ili ajizoeze. Sheria inasema: jihatarishe mwenyewe kwanza. Kwa mwenye ndege wa kwetu anayeruka mara chache kwa mwaka, mvua zikiwa zimemzuia tangu Desemba hadi Machi, kanuni hii ina maana kwamba safari yake ya kwanza ya Aprili isiwe na mtu pembeni. Ni rahisi kuifuata, haigharimu chochote zaidi ya mafuta kidogo, na ingekuwa ya kwanza kabisa ningeitangaza.

Najua kuna anayeniwazia hivi: wewe unamsumbua rubani mdogo, na makampuni yenye vyeti je? Si ndiyo yaliyotuua? Si tangu 2006 Umoja wa Ulaya umeyazuia makampuni yaliyosajiliwa Kongo yasiruke kwake? Hoja hiyo ni ya haki na siikwepi. Kumbukeni tarehe 8 Januari 1996. Antonov 32 ilishindwa kupaa kutoka uwanja wa N'Dolo, Kinshasa, ikapitiliza ikaingia sokoni kwenye watu waliokuwa wakiuza na kununua. Walikufa zaidi ya 200, karibu wote wakiwa chini, si ndani ya ndege. Na ilipochunguzwa, ilikutwa kwamba ndege iliruka kwa hati zilizoazimwa kutoka kampuni nyingine. Cheti kilikuwepo, lakini kilikuwa cha mwingine.

Mimi naisoma N'Dolo kama ushahidi wa ninayoyasema. Walichofanya wale ni kilekile anachofanya rubani binafsi anayeuza nafasi: walichukua pesa ya kazi ambayo hakuna aliyewakagua kuifanya, wakaifunika kwa karatasi. Kama wenye vyeti wanakaguliwa vibaya, tuombe wakaguliwe vizuri. Udhaifu wao haumpi mwenye leseni ya binafsi ruhusa ya kuingia kazi yao bila hata ule ukaguzi mdogo.

Kongo tuna sheria namba 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010 juu ya usafiri wa anga wa kiraia, na tuna Mamlaka ya Usafiri wa Anga, AAC, inayotoa leseni na vyeti. Tangu mwaka 2022 tumo pia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo ina wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, mjini Entebbe, ulioundwa ili kanuni za nchi wanachama zifanane. Huu ni wakati mzuri wa kuandika mgao wa gharama kwa maneno yasiyoweza kupindwa, na kwa lugha wanayoielewa abiria. Kifaransa kitabaki katika gazeti rasmi. Pale Luano, na kwenye kila kiwanja cha udongo, ibandikwe karatasi moja ya Kiswahili.

Ningependa isemeje? Rubani binafsi alipe sehemu yake sawa, isipungue. Kinachogawanywa kiwe mafuta, oili, ada na kodi ya ndege, na hesabu ioneshwe kwa wote kabla ya kuondoka. Asitangaze safari kwa watu asiowajua. Awe na safari yake mwenyewe ya kufanya. Na mtu anayefanya kazi chini yake asipandishwe bila kuambiwa mbele ya shahidi kwamba anaweza kubaki na kazi yake ikabaki. Sharti hili la mwisho litaonekana la ajabu kwa wanaotunga kanuni. Mimi nalitaka kuliko yote.

Kuhusu bima nitasema kidogo, kwa kuwa ndugu mmoja ameniuliza kabla hatujaingia ukumbini. Mikataba mingi ya bima ya ndege binafsi haifuniki safari za malipo. Kwa miaka mingi tulikuwa na kampuni ya bima ya SONAS peke yake, na tangu sheria ya 2015 soko limefunguliwa kwa wengine, lakini swali la kuuliza ni lilelile kwa kampuni yoyote: mkataba huu unamfunika abiria aliyechangia? Ombeni jibu kwa maandishi. Rubani aliyechukua zaidi ya haki yake anaweza kuiacha familia ya abiria bila senti, na yake pia.

Na wale wanaovuka mpaka, kwa sababu Ndola iko kilomita 200 hivi tu kutoka Luano na biashara yetu na Zambia haisimami, wajue kwamba kifungu cha 29 cha Mkataba wa Chicago kinataka ndege ya kimataifa yenye abiria ibebe orodha ya majina yao, mahali walipopandia na wanakokwenda. Nashauri tufanye hivyo hata kwa safari ya ndani, hata ya Likasi. Majina yote, uzito wa kila mmoja, kiasi alichotoa kila mmoja, rubani akiwa wa kwanza kwenye orodha, na tarehe aliporuka mara ya mwisho. Nakala moja iende na ndege, na ya pili abaki nayo mtu aliye chini, ambaye anajua ni saa ngapi waliahidi kufika na ni nani wa kumpigia simu wakichelewa.